Wametoa kizazi tu, au na ovari, vile vifuko viwili vya mayai?

Hilo ndilo swali la kwanza ninalomuuliza kila mwanamke anayenipigia simu kulalamika kwamba tangu atolewe kizazi mwili unamwaka moto. Wengi hawana jibu. Tarehe ya upasuaji wanaikumbuka, ukubwa wa uvimbe walioonyeshwa kwenye beseni wanaukumbuka, lakini kama ovari zimebaki au zimekwenda, kimya. Siwalaumu. Wodini mtu huambiwa "upasuaji umekwenda vizuri, mama", basi.

Na jibu hilo ndilo linaloamua karibu mambo yote. Estrojeni, homoni ya kike, hutengenezwa na ovari, si kizazi. Kizazi kikitolewa peke yake, hedhi hukoma lakini ovari huendelea na kazi, ingawa mara nyingi huchoka mapema kidogo kuliko ambavyo zingechoka zenyewe. Zikitolewa zote mbili, unaingia ukomo wa hedhi papo hapo, hata kama una miaka 38. Wenzako hufika huko polepole, kwa miaka. Wewe unazinduka nao kwenye nusukaputi.

Mimi nilitolewa vyote. Joto lilianza hata kidonda hakijakauka. Linaanzia kifuani, linapanda shingoni mpaka usoni, moyo mbio, jasho linatiririka, kisha unabaki unatetemeka kwa baridi. Usiku nilikuwa naweka khanga mbili kando ya mto, ya kujifutia na ya kubadilisha. Feni ikawa ugomvi: mimi nawasha, baba watoto anazima. Kwenye kikao cha vikoba nilikaa mlangoni nipate upepo, wenzangu wakadhani nakwepa marejesho.

Kilichonisaidia ni daktari wa magonjwa ya wanawake, si mitishamba ya "kubalansi homoni" inayouzwa mitandaoni kwa bei ya kiwanja. Dawa za kurudisha homoni zipo. Mwenye kizazi akipewa estrojeni huongezewa projesteroni, homoni nyingine ya kike, ili kulinda ukuta wa kizazi. Asiye na kizazi kwa kawaida hutumia estrojeni peke yake, ya kumeza, ya kupaka au ya kubandika kwenye ngozi. Ukitolewa ovari kabla ya miaka 45, ulizia hili hata kama joto halikusumbui, maana mifupa na moyo navyo hukosa estrojeni mapema. Kama umewahi kuugua saratani ya matiti au damu kuganda kwenye mishipa, mwambie daktari kabla hajaandika chochote. Zipo dawa nyingine za kupunguza joto zisizo na homoni.

Jasho la usiku nalo usilisukumie ukomo wa hedhi moja kwa moja. Kifua kikuu hutoa jasho la usiku, malaria nayo, hata tezi ya shingo ikizidisha kazi. Ukiona unakonda au unakohoa, kapime.

Tuje kwenye lile ambalo hata mashosti hawaambiani: ukavu ukeni. Tendo linauma, unaanza kutafuta visingizio, mume anadhani umemchoka, na mitaani wameshasema asiye na kizazi si mwanamke tena. Waache waseme. Nunua jeli ya kulainisha yenye asili ya maji, famasi zinauza. Mafuta ya nazi na ya mgando yaache kama mnatumia kondomu, kwa sababu huipasua. Jeli isipotosheleza, ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, na daktari ndiye anayeiandika. Na mwambie mumeo kinachoendelea kabla ya siku ya kugombana, mkiwa mmetulia.

Kama hujui walitoa nini na fomu ya kuruhusiwa kutoka hospitali imepotea, rudi ulikopasuliwa na namba ya faili, omba muhtasari wa upasuaji uandikwe wazi: kizazi, mlango wa kizazi, ovari ya kulia, ovari ya kushoto, kipi kimetoka na kipi kimebaki. Omba na majibu ya kinyama kilichopimwa maabara. Mlango wa kizazi ukiwa umebaki, bado unahitaji kupimwa saratani yake kama wengine.