Maswali na majibu: mnyoo wa Canberra na nguruwe wa Mbozi

Zaidi ya nusu ya ujumbe mlionitumia mwezi huu ni visa vya ajabu kutoka ng'ambo, na kila kimoja kimebeba swali lile lile: "Daktari, na sisi inatuhusu?" Nimechukua vichache. Vingine vimewekwa kando ili nipate nafasi ya mambo yanayotuua hapa hapa.

Shikamoo daktari. Sisi ni Wasabato, kwetu nguruwe haliwi. Mwanangu wa miaka 19 ameanza kuanguka kifafa, na kipimo cha CT kimeonyesha vifuko vya minyoo tegu kwenye ubongo. Ndugu wanasema amekula kwa siri. (Mama, Vwawa)

Marahaba mama. Waambie ndugu wamwache kijana. Nyama yenye vifuko vya tegu isipoiva humpa mlaji mnyoo mrefu tumboni, basi. Vifuko vya kwenye ubongo havitoki kwenye nyama. Vinatokana na mayai ya mnyoo huyo, na mayai hayo hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Mtu huyo asiponawa akachambua mboga, au akajisaidia shambani na mvua ikayasomba mayai hadi kisimani, atakayeyameza ni yeyote: Msabato, Mwislamu, mtoto wa chekechea.

Mwaka 1992 madaktari wa New York walichapisha habari za Wayahudi wanne wanaoshika sana sheria za dini yao, watu wasiogusa nguruwe, waliokutwa na vifuko hivyo hivyo kichwani. Walioshukiwa kuwa chanzo ni wasaidizi wa nyumbani waliohamia kutoka nchi zenye tegu. Wanne ni wachache, lakini kisa chao kina maana kwa sababu njia ya ugonjwa inajulikana na inaeleweka hatua kwa hatua.

Sasa njoo kwetu. Mbozi, Mbeya Vijijini na Njombe, wengi hufunga nguruwe msimu wa kilimo, na mahindi yakishavunwa wanawaachia wazurure. Nguruwe anayezurura anakula kile mtu alichokiacha nyuma ya kichaka. Wachuuzi wanalijua hili. Nimewaona Mbozi wakimlaza nguruwe ubavu, wakampenyezea kijiti katikati ya meno, wakauvuta ulimi nje kwa kitambaa na kupapasa chini yake kwa kidole. Wakigusa vipele laini vinavyoteleza, bei inashuka. Nguruwe hatupwi, anauzwa kwa bei hiyo ya chini na kuishia kwenye kikaango cha kiti moto. Kiti moto cha haraka haraka, kilichokauka nje na chekundu ndani, ndicho kinachompa tegu mtu ambaye kesho atakuuzia mchicha.

Hukuniuliza haya, lakini nayasema. Usimnunulie kijana dawa ya minyoo dukani. Vifuko vikifa kwa mkupuo ubongo huvimba, ndiyo maana hospitali humpa mgonjwa dawa ya kuzuia uvimbe pamoja na ya minyoo. Dawa ya kifafa isirukwe hata siku moja. Akianguka mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, na msiogope povu, maana kifafa hakiambukizi kwa mate. Nimefunga vidonda vya wagonjwa walioungua hadi kupoteza vidole kwa sababu walidondokea mafigani na waliokuwa karibu wakaogopa kuwagusa.

Picha ya mnyoo mwekundu aliyetolewa akiwa hai kwenye ubongo wa mama wa Australia ni ya kweli? Mimi nachuma mnavu porini. (Msomaji, Tukuyu)

Ni kweli. Mama huyo alikuwa na miaka 64, alipasuliwa Canberra mwaka 2022 na taarifa ikachapishwa 2023. Mnyoo alikuwa na urefu wa sentimita 8, wa aina inayoishi ndani ya chatu wa huko, na inadhaniwa mayai yalimfikia kupitia mboga za majani alizochuma karibu na ziwa. Ndiye binadamu wa kwanza kuripotiwa na mnyoo huyo. Osha mnavu wako, upike, ule. Ukitaka kujua mnyoo wa ubongo unaokuhusu wewe, soma jibu la juu mara mbili.

Ile sindano ya kuponya UKIMWI mara mbili kwa mwaka imefika Makambako? (Dereva)

Haiponyi. Nimeshaandika na naandika tena: haiponyi, na si chanjo. Ni kinga kwa mtu asiye na virusi, na inaitwa lenacapavir.

Utafiti ulifanyika Afrika Kusini na Uganda, na matokeo yalitoka 2024. Kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa sindano hiyo kila miezi sita, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kati ya 1,068 waliopewa vidonge vya kinga vya kila siku, waliambukizwa 16. Kabla hujasema vidonge havifai, jua kwamba vipimo vya damu vilionyesha wengi hawakuwa wakivimeza. Binti anaficha kidonge chini ya godoro kwa sababu akikutwa nacho ataitwa malaya. Sindano haina kopo la kufichwa, na hapo ndipo ilipowasaidia.

Njombe, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022/2023, asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na VVU, wakati taifa zima ni asilimia 4.4. Wewe unayelala Makambako leo na Tunduma kesho, nenda kapime, kisha uulize kliniki wana kinga gani kwa sasa. Na unayetumia ARV, usithubutu kuziacha eti unasubiri sindano.

Nipe dawa ya kifua, kinabana. (Hakuna jina)

Umri gani? Tangu lini? Unatoa damu? Kikohozi cha wiki mbili hupimwa makohozi, hakitibiwi kwa ujumbe wa simu.

Mkwe wangu amejifungua njiti wa kilo 1.4. Wauguzi wamemfungia mtoto kifuani kwa kitenge. Wenzetu wana mashine za joto. Tumhamishe? (Bibi, Mafinga)

Shikamoo bibi. Nakuomba usimtoe. Nimechoka kusikia kifua cha mama kikiitwa njia ya maskini.

Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa hospitali tano, moja kila nchi: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto walikuwa 3,211, wenye uzito kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8. Kundi moja waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa. Kundi la pili walitunzwa kwanza mbali na mama, kwenye vitanda vya joto au mashine, mpaka watulie. Ndani ya siku 28 walifariki asilimia 12 kundi la kwanza na asilimia 15.7 la pili. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa mapema, kwa sababu isingekuwa haki kuendelea kuwatenga wengine na mama zao.

Angalia mtoto anavyokaa: wima katikati ya matiti, nepi, kofia na soksi tu, kichwa kimegeuzwa upande, pua wazi, kitenge kimebana na ukingo wake umefika chini ya sikio. Sweta la mama linakuja juu ya vyote. Mama akienda kuoga, wewe bibi au baba wa mtoto mpokeeni kifuani hivyo hivyo. Baba wa mtoto yuko wapi? Sijamwona kwenye ujumbe wako.

Ila wale watoto walikuwa wodini, wakiwa na oksijeni na wauguzi karibu. Baridi ya Mafinga mwezi wa sita si ya kumtoa njiti mapema eti kitenge kinatosha.

Baba yangu anasafishwa damu. Tusubiri figo za nguruwe za Marekani? (Msomaji, Kyela)

Msisubiri. Mgonjwa wa kwanza kuwekewa akiwa hai, Richard Slayman, Machi 2024, aliishi karibu miezi miwili, ingawa hospitali ilisema haikuona dalili kwamba figo ndiyo iliyomuua. Towana Looney alikaa nayo siku 130, Tim Andrews siku 271, kisha zikatolewa. Ni hatua kubwa, lakini si ya baba yako mwaka huu. Muhimbili na Benjamin Mkapa wanapandikiza figo za ndugu. Kaeni kikao cha familia, na baba aache diklofenaki za dukani.

Mwanangu aling'atwa na mbwa wiki iliyopita, kidonda kimekauka. Nimesoma kuna binti Marekani alipona kichaa cha mbwa bila chanjo. (Baba, Uyole)

Huyu nilimpigia simu dakika ile ile. Naandika kwa ajili yenu wengine. Binti ni Jeanna Giese, aling'atwa na popo Wisconsin mwaka 2004, akalazwa kwa dawa za usingizi mzito, akapona. Njia hiyo ikajaribiwa kwa wagonjwa wengine na karibu wote wakafa. Kidonda kukauka si dalili ya usalama, kwa sababu virusi hutambaa kwenye neva kwa wiki au miezi bila kelele. Ukichelewa, nenda hivyo hivyo. Mara tu unapong'atwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usipake mafuta ya taa, kisha wahi chanjo. Kituo kimoja kikisema imeisha, nenda kingine siku hiyo hiyo.

Mtoto ameanza chanjo Jumanne. Mbwa hajapatikana: ni mweusi, ana kipande cha kamba shingoni. Mkimwona msimkaribie, mwambieni ofisa mifugo wa kata.