Mbwa dume anayerudiwa na usaha na mkojo wa damu

Pole, dada wa Mafinga, uliyeniandikia kuhusu mbwa wako dume anayetokwa usaha kwenye govi na kukojoa damu tena kila akimaliza vidonge alivyopewa. Ute kidogo wa njano kwenye govi la dume asiyehasiwa ni kawaida. Usiusugue kwa sabuni wala Dettol, utamchubua bure. Maji vuguvugu ya chumvi kidogo yanatosha.

Kinachonitia wasiwasi ni huo mkojo wa damu unaorudi kila vidonge vikiisha. Kwa dume, mara nyingi kuna chanzo kilichojificha: mawe kwenye kibofu, au tezi dume. Mwombe daktari wa mifugo aoteshe mkojo maabara, yaani aangalie ni vijidudu gani vinaota humo, kabla ya kuongeza dawa nyingine, apapase na tezi. Ikiwa ni tezi, kumhasi husaidia sana.

Baridi hii, mpe maji vuguvugu anywe, mfungulie atoke bandani akojoe mara kwa mara. Akijikamua mkojo usitoke, mkimbize kwa daktari saa hiyohiyo, tafadhali.