Mastaz ya misingi ya elimu: kabla hujalipa fizi

Usajili mpya ukitangazwa tu, walimu wanaanza kuniandikia: hii mastaz ya misingi ya elimu, yaani falsafa, historia na sosholojia, inalipa kweli? Jibu langu ni lile lile, kama shida yako ni kupanda cheo tu basi chukua uongozi wa elimu uachane na hii, juu huku utasoma Plato na Dewey mpaka kichwa kiwake moto na mwalimu mkuu wako hatakuuliza hata siku moja.

Lakini kama umeamua, tafuta swali dogo mapema. Si zile "athari za mtaala wa CBC kwa wanafunzi wa kaunti fulani", hizo supavaisa ameshazisoma akachoka. Mimi falsafa haikuwa inaniingia kabisa mpaka nilipoanza kwenda Nyaraka za Kitaifa, lile jengo la zamani hapo Moi Avenue, Nairobi, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Unajaza kikaratasi unaletewa faili, makaratasi yameshageuka rangi ya chai, unakuta ofisa wa mkoloni analalamika weee juu ya Wakikuyu kujijengea shule zao, na hapo sasa ndio unajiuliza elimu ni ya nani.

Chukua mfano wa Githunguri, kule Kiambu. Tume ya Phelps-Stokes, ile ya kutoka Marekani iliyochunguza elimu ya Waafrika, ilipita Kenya 1924, ikapigia debe elimu ya kazi za mikono kama ya Hampton, chuo cha watu weusi kule Marekani. Sasa Mbiyu Koinange, Mkikuyu wa hapo Kiambu, alisoma hapo hapo Hampton, akaendelea mpaka chuo kikuu cha Columbia, akarudi nyumbani, na 1939 akafungua chuo cha walimu Githunguri kwa pesa za kuchanga za wananchi wenyewe. Serikali ikakifunga 1952 wakati wa hali ya hatari. Kuna historia hapo, kuna falsafa, kuna mambo ya nani anachanga na nani anaamua, tasnifu nzima hiyo na bado hujafika tume ya Ominde ya 1964, ile ya elimu baada ya uhuru!

Supavaisa usimchague kwa jina kubwa, kaa na wanafunzi wake kantini wakwambie sura moja anaishikilia miezi mingapi. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, kinaombwa mtandaoni, kiombe kabla hujaanza kuhoji mtu. Na ukipata mzee aliyesoma shule zile za Wakikuyu weka hojaji kando, muache aongee, maswali yako utauliza akimaliza chai.