Kuku sita wamekufa usiku mmoja: usichinje waliobaki

Vilemba vya zambarau, vifo vya ghafla: huenda ni mafua ya ndege, nawe wauliza kama uwachinje waliobaki. Usichinje, usinyonyoe, usiuze. Mdondo (Newcastle), ugonjwa mwingine wa virusi wa kuku, nao huonekana hivyohivyo. Maabara tu ndiyo itakayotofautisha, kwa hiyo mwite daktari wa mifugo leo. Antibayotiki haziui virusi, usipoteze hela.

Mizoga usiiguse bila glavu, barakoa na miwani. Daktari akiruhusu usafi, lowesha banda kwanza, usifagie vumbi. Sugua kinyesi kwa sabuni ndipo upulize dawa ya kuua viini; ikimwagwa juu ya kinyesi hupoteza nguvu, na hapa wengi hukosea.

Jichunguze siku 10. Homa, kikohozi au hata macho mekundu yakianza, nenda hospitali na utaje kuku: oseltamiviri, dawa ya virusi vya mafua, hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48.