Polishi, silanti, waksi: kipi kitangulie (kwa wadogo zangu mnaoanza kazi ya magari hapa Dodoma)

Wadogo zangu, naona kila nikipita Kisasa au Nkuhungu kuna banda jipya la kuosha magari, na karibu kila banda sahivi lina mashine ya polishi na shelfu la chupa, hiyo safi kabisa maana tangu serikali ihamie huku magari ni mengi na kazi ipo. Shida iko kwenye hizo chupa. Mtu ana polishi, ana silanti (dawa ya kulinda rangi), ana waksi (nta ya kung'arisha) aina mbili tatu, anapaka zote kwa mpangilio anaoujua mwenyewe alafu anamwambia mteja bosi nimekupigia mikono mitano (yani tabaka tano). Bosi anafurahi analipa anaondoka, wiki mbili baadae akimwagia maji yanalala tu kwenye boneti kama gari halijawahi kuguswa.

Cha kwanza kabisa, polishi usiihesabu kwenye mikono. Polishi inakata. Ina chembechembe za kusaga ndani yake, na kampaundi (polishi kali) ndo ina kubwa zaidi, na kinachokatwa ni klia, ile tabaka angavu ya juu ya rangi, ambayo kwenye gari la kiwandani mara nyingi ni maikroni 40 hadi 50 tu, na milimita moja ina maikroni 1000, yani klia yote ni nyembamba kuliko unywele wako. Kwahiyo kila ukiwasha mashine jua unapunguza, na kilichopungua hakirudi mpaka gari lirudi kwa fundi rangi. Ndo maana mteja akija kila mwezi anataka polishi we mwambie ukweli, mwezi huu apige silanti tu, polishi asubiri mpaka mikwaruzo ionekane kweli. Na zile kona za boneti na mstari wa mlango pale ambapo bati limekunjwa, klia huwa nyembamba zaidi na moto wa padi (sponji ya mashine) unakusanyika hapo, bandika tepu kwanza hata kama unajiamini. Pikapu za zamani ambazo hazina klia utazijua haraka, padi inageuka rangi ya gari, hapo punguza nguvu maana unasaga rangi yenyewe.

Kabla ya polishi lazima rangi iwe safi, na safi sio ile ya macho. Osha, kausha, alafu chukua nailoni ya mkate, ile laini (mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini nailoni ya mkate bado ipo), vaa mkononi upitishe taratibu juu ya boneti. Utasikia vipele ambavyo kidole kitupu hakivisikii. Hivyo ni lami, vumbi la breki, na huku kwetu na chumvi ya maji. Maji ya visima vya Dodoma mnayajua wenyewe, ukiacha gari likauke juani linabaki na alama nyeupe za duara, na hizo ukizipitishia mashine bila kuzitoa unazisugulia kwenye klia. Siki nyeupe ukichanganya na maji nusu kwa nusu, paka kwenye doa acha dakika moja mbili, suuza, nyingi zinatoka. Vinavyobaki vinatolewa na klei (donge laini kama udongo la kusafishia rangi), na klei lazima iteleze kwenye maji ya shampuu, ikidondoka chini itupe, usiiokote ukaifuta kwenye suruali ukaendelea, nimeona watu wanafanya hivyo na mteja amekaa palepale anaangalia.

Sasa umeshapiga polishi, gari linawaka, na hapa ndo wengi wanakosea kwa sababu macho yanawadanganya. Polishi inaacha mafuta juu ya rangi. Yale mafuta yanang'aa na yanajaza mikwaruzo midogo, we unaona kazi imeisha unapaka silanti juu yake. Silanti ni polima za kutengenezwa, inataka ishike klia yenyewe, ukiiwekea mafuta katikati itashika mafuta na mafuta yakiondoka na sabuni inaondoka nayo. Kwahiyo futa kwanza na isopropili (aina ya spiriti) iliyozimuliwa. Mi nachukua ile ya asilimia 70, kipimo kimoja kwa vipimo vinne vya maji, na maji nayotumia ni yale masafi ya kuongezea betri ili nisirudishe chumvi niliyotoka kuitoa (angalia usije ukauziwa asidi, uliza vizuri dukani). Nyunyizia kwenye kitambaa cha maikrofaiba, futa eneo dogo dogo, alafu piga tochi kwa ubavu. Kama mikwaruzo uliyodhani umeitoa imerudi basi haikutoka, ilijazwa tu, rudi kwenye mashine. Inauma lakini bora uione we kuliko aione mteja.

Kuna na ile ya kujaza inaitwa glezi, haikati ina mafuta mengi tu. Sio mbaya ina kazi yake. Gari la harusi linaletwa ijumaa jioni, linatakiwa ling'ae jumamosi kanisani na ukumbini basi, hapo piga glezi na waksi juu yake umemaliza, hela nzuri na hakuna klia iliyokatwa. Ila usiweke glezi alafu silanti ukategemea ikae miezi.

Mpangilio wenyewe basi: rangi tupu, silanti, alafu waksi kama unaitaka. Kinyume chake haiendi. Waksi ya kanauba, ile inayotoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazil wa jamii ya mnazi, inakaa juu ya chochote hata juu ya silanti haina ubishi, lakini silanti juu ya waksi imekalia waksi, na waksi kwa jua hili haina maisha marefu. Na seramiki koti (dawa ya kulinda rangi inayokauka ngumu) ndo kabisa inataka rangi tupu, usiitangulizie kitu chochote.

Mkono wa pili wa silanti upo na una maana, ila maana yake sio unene. Ni zile sehemu ulizoruka mkono wa kwanza, na utaruka tu, hasa chini ya vioo vya pembeni na nyuma ya vitasa. Usiupake hapohapo. Silanti inatakiwa ikomae, nyingine saa moja nyingine saa 12 hadi 24, soma chupa yenyewe, ukiwahi kimiminika cha mkono wa pili kinalainisha wa kwanza unajikuta unafuta vyote viwili. Mkono wa tatu wa nne sijawahi kuona faida yake, ni hela ya mteja inaishia kwenye kitambaa.

Juzi kati mteja mmoja wa Prado nyeusi ananiambia, "Fundi, nipigie waksi nene maana nakaa Ihumwa, vumbi linaniua." Nikamwambia bosi, hilo vumbi ndo sababu sikuwekei waksi. Na hili mnielewe vizuri maana ukisoma maelekezo ya Ulaya hutaliona. Kanauba yenyewe inayeyuka kwenye nyuzi joto kama 82 hadi 86, lakini waksi ya kopo imechanganywa na mafuta na vimiminika vingine kwahiyo inalainika mapema zaidi, na boneti nyeusi iliyoegeshwa juani saa 8 mchana hapa unajua mwenyewe huwezi kuweka kiganja. Waksi ikilainika inakamata vumbi. Silanti nzuri inakauka inateleza, vumbi linakaa juu yake linatoka na maji. Kwahiyo kuanzia mwezi wa 6 mpaka mvua zianze mi naishia silanti mikono miwili basi. Waksi naiongeza kuanzia Disemba mvua zikichanganya, vumbi limelala na mteja anataka kuona maji yakikimbia.

Na pa kufanyia kazi. Tuko juu mita kama 1,100 kutoka usawa wa bahari jua letu halina huruma, saa 4 asubuhi bati limeshapata moto na silanti inakaukia mkononi kabla hujaisambaza, ukija kuifuta inaacha mabaka. Anza saa 12, au jioni. Upepo wa mwezi wa 8 ukianza usibishane nao, mwaga maji sakafuni na nje ya banda vumbi litulie, shusha turubai upande unaotoka upepo. Paka nyembamba, yani ukitazama kwa mbele uone ukungu tu, ukiona meupe umezidisha na utafuta mpaka mkono ukuume. Kujua kama iko tayari kufutwa pitisha kidole, panapopita pakiwa safi panang'aa futa, pakiburuza kama mafuta subiri.

Ile chupa inayosema inasafisha, inang'arisha na inalinda kwa pamoja muwe nayo makini. Ndani ina visagio na viyeyushi. Kwa gari la kazi, noah ya abiria au bajaji, inatosha na inaokoa muda. Lakini ukiipaka juu ya silanti uliyopiga wiki iliyopita ukidhani unaongeza mkono, umeifuta ile silanti ukabaki na kitu dhaifu zaidi. Sabuni ya unga nayo ndo hivyohivyo, inakula waksi haraka sana, kwahiyo ukimkabidhi mteja gari mwambie shampuu ya gari tu.

Na umwambie dereva pia, maana mwenye gari mara nyingi hafuti gari yeye. Madereva wetu wa magari ya wakubwa wana ile tabia ya asubuhi, bosi hajatoka, taulo kavu linapita kwenye vumbi juu ya V8 kuanzia mbele mpaka nyuma. Lile vumbi lina mchanga. Ndani ya mwezi ile mikwaruzo ya duaraduara uliyoitoa kwa mashine imerudi yote, na lawama zinakuja kwako. Mi sahivi nikikabidhi gari namwita dereva pembeni, namwonyesha kwa tochi, nampa maikrofaiba moja na chupa ya dawa ya kufutia bila kusuuza, namwambia kaka lowesha kwanza ndo ufute. Gharama yake naiweka humohumo kwenye bei ya polishi.