Maswali ya Wasomaji: Dawa ya Mitishamba na Ini la Panya

SWALI: Niliwapa panya wa maabara dondoo ya majani ya mwarobaini kwa siku 28, dozi tatu tofauti, na kundi la nne maji matupu. Kipimo cha AST, kimeng'enya kinachovuja seli zikiumia, kimepanda mno kwa panya kadhaa, hata wa maji. ALT, kimeng'enya kingine cha aina hiyo, iko kawaida. Je, ini limeumia?
Mwanafunzi, Morogoro

JIBU: Usiihukumu dawa bado. Panya wa maji hawakuinywa, kwa hiyo tafuta chanzo kwenye mikono yako kwanza. AST imo pia kwenye misuli, moyo na chembe nyekundu za damu. ALT ndiyo inayolielekea ini zaidi. Inua tyubu kwenye mwanga. Seramu (maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda) nzuri ni ya manjano hafifu. Ikiwa na wekundu wa juisi ya rozela iliyozimuliwa, chembe zimepasuka na kumwaga AST yake humo.

Chembe hupasuka kwa sindano nyembamba mno, kwa kuvuta bomba kwa pupa, kwa kuisukuma damu ndani ya tyubu ikipitia sindanoni, au kwa kutikisa. Vuta polepole, chomoa sindano, kisha iteremshe damu ukutani mwa tyubu. Iache igande dakika 30, izungushe kwa mashine dakika 10, na uhamishe seramu papo hapo. Usiihifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki kadhaa, maana ALT hufifia humo na ini lililoumia likaonekana zima.

Kama seramu ni safi na AST bado iko juu, pima CK, kimeng'enya cha misuli: ikipanda nayo, shuku misuli iliyoumia panya alipokuwa akikamatwa. Sampuli nyekundu haitengenezeki. Iandike hivyo kwenye daftari, usiifiche ndani ya wastani.

Jambo jingine: kama uliyeyusha dondoo kwa Tween 80 (kemikali inayosaidia dondoo kuchanganyika na maji), kundi la ulinganisho lilipaswa kupewa Tween 80 kwa kiasi kilekile. Maji matupu hayatoshi.

SWALI: Dozi ni miligramu 500 kwa kilo. Nipime vipi?
Fundi wa maabara, Kisumu

JIBU: Panya wa gramu 180 anahitaji miligramu 90. Ukitengeneza mchanganyiko wa miligramu 50 kwa mililita, mpe mililita 1.8. Mpime uzito kila wiki. Akifika gramu 230 anapewa 2.3. Tikisa chupa kabla ya kila panya, la sivyo wa mwisho hunywa mashapo na wa kwanza maji.

SWALI: ALT na AST zikiwa kawaida, kuna haja ya kulichunguza ini lenyewe?
Msomaji, Iringa

JIBU: Ipo, tena kubwa. Vimeng'enya huweza kupanda siku za mwanzo vikashuka kabla hujatoa damu, na ini huweza kuvimba bila ALT kusogea. Lipime uzito, uligawe kwa uzito wa panya, kisha kata vipande visivyozidi milimita 5 na uvitie kwenye formalini (dawa ya kuzuia nyama isioze) ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya nyama. Ini zima likitumbukizwa, katikati huoza, na kwenye hadubini utadhani ni sumu. Seli zilizokufa panya angali hai kwa kawaida huzungukwa na chembe nyeupe. Zilizooza baadaye hazina chochote pembeni.