Jibu: Mama ana MAC kwenye mapafu, je, atapona?
Pole sana, dada. Umesema mama amemaliza dozi ya TB mara mbili, kisha makohozi yakaoteshwa maabara na kuonyesha ni MAC (Mycobacterium avium complex, kundi la bakteria wa jamii moja na wa TB), si TB yenyewe. Huyu bakteria hukaa kwenye maji na udongo, na kwa kawaida haambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Tafadhali msimtengee vyombo wala chumba.

Dawa huwa tatu kwa pamoja: azithromaisini, rifampisini na ethambutoli. Mapafu yakiwa na matundu hunywewa kila siku. Yasipokuwa nayo, mara nyingi siku tatu kwa wiki. Muda ndio unaochosha watu: dawa hunywewa miezi 12, nayo huhesabiwa tangu makohozi yalipoanza kutoka safi maabara (bila bakteria), si tangu kidonge cha kwanza. Asipewe azithromaisini peke yake kamwe, maana bakteria wakishakuwa sugu kwa dawa hiyo, kupona kunakuwa kugumu mno. Ethambutoli nayo huweza kudhuru macho, kwa hiyo akiona rangi zinafifia awahi hospitali siku hiyo hiyo.

Wengi husafika makohozi. Ila ugonjwa hurudi kwa wasio wachache, mara nyingi kwa bakteria wapya kutoka mazingira, hivyo aendelee kupimwa hata baada ya dawa.